Koti Lisilosemewa Halifuliwi

Siku hizi nikisikia mzimamoto amepelekwa kwa daktari akae kitako asimulie yaliyomkuta kazini, na watu wakishangaa kwamba hayo ni mambo mapya, mimi hucheka peke yangu. Naitwa Chengo. Nilishika mpira wa maji miaka ishirini na minne katika kituo chetu cha zimamoto hapa kisiwani Mombasa, na dawa hiyo niliinywa mwaka wa sitini na sita. Aliyetunywesha hakuwa daktari. Alikuwa dobi wa Kibokoni, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni, jina lake Bi Swabaha.

Udobi aliurithi kwa mumewe. Mume alipofariki, jamaa walidhani mjane atauza zile pasi mbili za makaa na kukaa ndani. Yeye alimaliza eda yake, miezi minne na siku kumi, na asubuhi iliyofuata akatia makaa kwenye pasi. Watu wa mtaa walinong'ona, akawaacha wanong'one mpaka wakachoka. Mumewe alikuwa akifua sare za kituo chetu, yale makoti mazito ambayo yakilowa ni mzigo wa watu wawili, na Bi Swabaha hakuona sababu ya kazi hiyo kwenda kwa mtu mwingine. Kila Jumatatu alikuja mwenyewe na mkokoteni kuyachukua.

Alikuwa na tabia moja iliyotuudhi sana. Hakupokea nguo kimya. Ukimpa koti atalinyanyua, atageuza bitana nje, kisha atakuuliza, "Hapa pana nini?" Alisema damu yataka maji baridi na chumvi, ukiitia maji ya moto umeipika humo humo, haitoki tena. Kutu yataka ndimu na jua. Grisi ina dawa yake na masizi yana dawa yake. "Doa usilolijua," alikuwa akisema, "utalifukuza huku na huku, kitambaa kitakwisha nalo lipo." Sisi tulikuwa vijana. Tulimjibu neno moja au tukamdanganya, tukaenda zetu.

Kituoni nako palikuwa na sheria. Mkubwa wetu, Bwana Kavumbi, alikuwa mtu wa bara aliyepandishwa cheo baada ya Uhuru, mkali, mwenye viatu vinavyong'aa hata siku ya matope. Neno lake lilikuwa, "Ya moto yaishie motoni." Tukirudi kutoka motoni tunaosha mipira na kuianika, yeye anajaza ripoti: kengele ililia saa ngapi, mipira mingapi, waliookolewa wangapi, waliokufa wangapi. Hakuna kwenda kwenye matanga ya watu, hakuna kuulizana. Aliogopa kwamba tukionekana msibani mji utasema tumekiri kosa. Tulimtii, na niseme kweli, ile sheria tuliipenda, maana ilituruhusu kujifanya wanaume wa chuma.

Basi Ijumaa moja, siku chache kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu, duka la magodoro ya sufi likawaka moto karibu na Makadara. Sufi ikishika moto haina mjadala. Juu ya duka aliishi Taib, mshona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, pamoja na mkewe Mahfudha na mamake mzee, Bi Mwanakhamis, ambaye miguu ilikuwa imemwisha nguvu. Mahfudha alikuwa ametoka kwenda Marikiti. Taib alikuwa na homa, hakwenda msikitini. Tulipofika, ngazi ya ndani ilikuwa imeteketea. Tukaegemeza ngazi yetu dirishani, akapanda Joab.

Joab alikuwa Mjaluo, kijana mrefu, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, na kwa kupanda ngazi alitushinda sote. Mimi nilikuwa chini na mpira. Nilimwona akiingia moshini, kisha nikamwona akitoka na yule bibi begani, amezimia. Alipofika katikati ya ngazi, sakafu ya juu iliporomoka yote kwa pamoja. Taib hakutoka. Moto ulipozimika tulimpata chini ya mbao, na hatua mbili kutoka alipolala palikuwa na sanduku lake la bati, limejaa kofia za watu za Idi. Mji ukapata la kusema: Taib alirudia sanduku. Kafa kwa ajili ya kofia.

Wiki iliyofuata Joab alimpa Bi Swabaha koti lake. Likafuliwa, likarudi. Siku ya pili akampelekea tena, eti linanuka moshi. Likafuliwa, likarudi, naye akalipeleka mara ya tatu. Tulianza kumtania, na kiongozi wa utani huo nilikuwa mimi. Nilimwita bwana harusi. Joab alikuwa hapati usingizi wala hali chakula, na tukifanya mazoezi ya ngazi uani anafika kidato cha kumi na moja, mikono inakakamaa kwenye mbao, kisha anashuka kinyumenyume bila kusema kitu. Bwana Kavumbi alivumilia mara mbili. Mara ya tatu akatangaza mbele yetu sote kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku ya ukaguzi, Joab atapanda ngazi hadi juu, ama atavua sare akachukue basi Mwembe Tayari arudi kwao.

Hapo ndipo Bi Swabaha, kwa wema wake, alipofanya kosa ambalo lingefanywa na mwanamke wa Mji wa Kale peke yake. Kwao nguo inayonuka hufukizwa. Alilifua koti kwa mara ya nne, akapindua kapu la fito juu ya chetezo, akatia udi na ubani kwenye makaa, akalitandaza koti juu yake kama anayetengeneza kanzu ya harusi. Aliliacha hapo saa nzima. Akalileta kituoni amelifunga kwa leso safi, amefurahi kama mtu aliyeleta zawadi. Joab akafungua leso.

Ule udi ulikuwa mzuri, Mungu ni shahidi. Lakini moshi ni moshi. Joab alilitupa koti, akakimbilia nyuma ya gari, akachutama mikono kichwani, anatapika na kutetemeka na kusema maneno ya kwao tusiyoyajua. Wenzangu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, kisha kicheko kikanikauka mdomoni, kwa sababu mke wangu alikuwa ameshaniambia mara nyingi kwamba hata mimi hutetemeka hivyo usingizini.

Bi Swabaha alilia palepale uani, hadharani, bila kuficha uso. "Mtu yuwakimbia moshi," alisema, "nami nimemvika moshi." Kisha akajifuta kwa ile leso, na nilipomtazama nikajua kwamba hatutapumzika tena. "Chengo. Kesho baada ya alasiri mlete kwangu, na koti lake. Akikataa, mburure."

Nilimleta, na nilikuwa na haya njia nzima. Uani kwake kamba zilivuka kutoka ukuta hadi ukuta, shuka zimejaa, na mawingu ya masika yako juu yetu. Joab akamnyooshea koti.

"Masalkheri, mama. Naomba unifulie."

"Masalkheri, baba. Sifui."

"Linanuka."

"Koti lisilosemewa halifuliwi. Nimelifua mara nne nami sijui nafukuza nini. Hapa pana nini?"

"Moshi."

"Moshi niliutoa mara ya kwanza. Mimi si dobi wa jana. Hapa pana nini?"

Akatupa mgongo, akaendelea kupiga pasi. Nimefikiri sana juu ya mgongo ule. Kama angemkodolea macho, Joab angeondoka, nami ningemfuata kwa furaha. Pasi ilikwenda na kurudi, ikatiwa makaa mengine, ikaendelea. Mwishowe Joab akaanza kusema polepole, akiliambia koti kuliko alivyotuambia sisi.

"Hapa begani ndipo alipolala yule mama. Na hapa, kwenye mkono, ndipo aliponishika Taib."

Alipoingia dirishani alimkuta Taib amesimama, amembeba mamake kwa mikono miwili. Joab akamwambia washuke wote. Taib akasema ngazi haitachukua watatu, akamlaza mamake begani kwa Joab, akamkaza mkono. "Mama kwanza," alisema. "Mimi naja nyuma yako." Joab akashuka. Kwenye kidato cha kumi na moja aliinua macho. Moshi ulikuwa mzito, walio chini hawakuliona dirisha tena, lakini yeye alikuwa karibu. Aliuona mkono wa Taib kwenye mbao ya dirisha, na mguu mmoja umeshatoka nje. Kisha sakafu ikaondoka, na mkono nao.

"Nilimwacha," alisema Joab. "Nilikuwa na nguvu, ningemburura. Na yule mama naye hakuwa akipumua vizuri. Ameshakufa hospitali, najua. Nilipewa watu wawili na sikumfikisha hata mmoja."

Pasi ikasimama. Bi Swabaha akanitazama, nami nikamtazama. Bi Mwanakhamis hakuwa amekufa. Alikuwa hapo hapo Kibokoni, vichochoro viwili kutoka tulipo, kwa Badawi, kakake Mahfudha, aliyewachukua mkwe na mjane baada ya nyumba kuungua. Mji mzima ulijua. Mimi nilijua, nilimsikia akikohoa dirishani kila nilipopita. Joab, anayelala kwenye nyumba za kituo pamoja na wenzake wa bara, ndiye peke yake asiyejua, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuutaja moto ule mbele yake. Siku arubaini nilikula naye sahani moja, na sikumwambia neno hilo moja. Aibu ile haijanitoka hadi leo.

Nilifungua mdomo. Bi Swabaha akanivuta nyuma ya shuka zilizoanikwa, akaninong'oneza kwa ukali.

"Usimwambie. Atasema twamliwaza. Naende akaone kwa mato yake."

"Lakini Bi Mahfudha yuko edani."

"Kwani mimi siyajui? Nguo zake nyeupe za eda ni mimi nizifuaye. Naye pia hali chakula, Chengo. Ameambiwa mumewe alirudia sanduku, naye ana hasira na maiti. Mwenye hasira na maiti ataipeleka wapi? Eda niachie mimi. Na huyo Kavumbi wenu pia niachie mimi."

Sare zetu zote kumi na mbili zilikuwa kwake, na ukaguzi ulikuwa Ijumaa. Alhamisi asubuhi Bi Swabaha aliingia ofisini kwa Bwana Kavumbi mikono mitupu. Mimi nilikuwa nikipiga dirisha la ofisi kitambaa, na lile dirisha halikuwa chafu kama nilivyojifanya.

"Sabalkheri, Bwana Kavumbi."

"Sabalkheri, Bi Swabaha. Nguo ziko wapi?"

"Bado mbichi."

"Jua limewaka siku mbili!"

"Kwako. Kwangu ni masika."

Bwana Kavumbi akasimama. "Unanitisha, mama?"

"Sikutishi, mwanangu. Nakwambia nguo ni mbichi. Joab akienda leo kwa Badawi kutoa makiwa, kuwapa pole wafiwa, zitakauka. Nawe ukenda naye, zitakauka na pasi zitapigwa."

Bwana Kavumbi akamsomea sheria yote, kuhusu kukiri makosa, kuhusu kazi na machozi. Bi Swabaha alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Sheria hiyo ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi yuko wa kuifuta." Akashusha sauti. "Lile koti lako la mwaka juzi, lenye doa kifuani. Nimelifua mara sita, nawe hukunambia mpaka leo pale pana nini."

Bwana Kavumbi aliangalia dirishani, nami nikainama upesi. Kisha nikasikia akichukua kofia yake. "Saa kumi," alisema.

Mbele ya nyumba ya Badawi pana daka la mawe, baraza ya mlangoni. Badawi alitukalisha hapo, yeye akakaa kizingitini. Nyuma yake lilining'inia pazia zito, na nyuma ya pazia alikuwa Mahfudha na Bi Swabaha. Hatukumwona, tulisikia jamvi likikwaruza. Bwana Kavumbi alikaa kofia mapajani. Joab alisema "Makiwa", neno alilofundishwa njiani, kisha akalitazama pazia. Nikamwekea mkono mgongoni. Sikuwahi kumfanyia hivyo mwenzangu yeyote wa kazi.

Akaeleza kama alivyoeleza uani. Alipofika kwenye mguu uliotoka dirishani, sauti ikamkata kutoka nyuma ya pazia.

"Mguu gani?"

"Wa kulia, dada."

"Ulikuwa nde?"

"Ulikuwa nje. Ulikuwa unatafuta ngazi yangu."

"Na sanduku?"

"Sikuona sanduku. Mikono ilikuwa mitupu. Mmoja ulishika dirisha, mwingine ulikuwa ukinipungia nishuke upesi."

Pazia halikutikisika. Kisha Mahfudha akalia, na Badawi akafunika uso kwa viganja vyake. "Basi alikuwa yuwaja," alisema Mahfudha. "Alikuwa yuwaja, nami siku arubaini namnunia naye yumo kaburini." Akalia mpaka akatosheka, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Halafu akasema kwa sauti nyingine, kavu kidogo, "Alikwambia mama kwanza. Nawe ukafanya alivyokwambia. Wajitesa kwa nini?"

"Kwa sababu hata mama sikumfikisha."

"Hukumfikisha wapi?"

Pazia lilisogea kwa chini. Bi Mwanakhamis alitoka akisota sakafuni, kama alivyozoea, kibakuli cha uji mkono mmoja. Umri wake ulikuwa umeshamtoa katika mambo ya kujificha. Alimtazama Joab kutoka miguuni hadi kichwani, na hapo pana safari ndefu.

"Ndiwe ulonibeba?"

Joab aliitikia kwa kichwa.

"Ulinibeba kama gunia la viazi la Marikiti. Mbavu zaniuma hadi hivi leo." Akasogea zaidi. "Mwanangu alikuwa mbishi tangu mdogo. Akisema mama kwanza, ni mama kwanza, hata ungalikuwa na nguvu za majini usingalimweza. Mbona umekonda hivi? Huko kwenu hawakupi chakula? Mahfudha, mpe mtu uji!"

Joab alilaza kichwa kwenye jiwe la daka akalia kwa sauti, na yule bibi akawa anampigapiga mgongoni kwa kijiko. Bwana Kavumbi alisimama akatupa mgongo, akautazama ukuta wa jirani kana kwamba ameuona ukiwaka. Mimi nililia. Sioni sababu ya kuficha.

Sare zilifika Ijumaa asubuhi, zimenyooka hata ungeweza kujikata nazo. Wakaguzi walipanga mstari uani. Joab alipanda ngazi, nami nikahesabu vidato kimoyomoyo. Kwenye cha kumi na moja akasimama. Mikono ikakaza mbao. Bwana Kavumbi alikuwa na filimbi mdomoni na hakuipuliza. Mimi nikasahau wageni, nikasahau na cheo changu kidogo.

"Joab!" nilipiga kelele. "Bibi yuwala uji!"

Wakaguzi wakatazamana. Huko juu mabega ya Joab yalianza kutikisika, na nilichelewa kidogo kutambua kwamba anacheka. Kisha mguu ukaenda kwenye cha kumi na mbili, na hakusimama tena hadi juu.

Tangu siku hiyo Bi Swabaha hakungoja Jumatatu. Kila tukirudi kutoka kwenye moto, alituma habari tusivue, akaja na birika la kahawa tungu, akakaa kwenye benchi letu. Mmoja mmoja tulimpa koti, na kila mmoja alisema hapa pana nini, mbele ya wenzake. Wengine walisema "masizi" na kweli yalikuwa masizi. Wengine walikaa saa nzima. Yule aliyekataa kusema alirudishiwa koti lake chafu, akalivaa hivyo hivyo mpaka likamshinda. Bwana Kavumbi alishika kikombe chake akasimama mlangoni miezi mitatu. Siku moja alileta lile koti la mwaka juzi, akakaa, na aliyoyasema ni yake, sitayaandika. Ile sheria yake haikutajwa tena kituoni.

Lakini kabla ya hayo ya Bwana Kavumbi, wiki mbili baada ya ukaguzi, tulizima moto wa ghala la kamba. Hakuumia mtu. Joab alikuwa wa kwanza kufika kwenye benchi, koti mkononi, uso umejaa masizi.

"Linanuka, mama," alisema.

Bi Swabaha hakunyoosha mkono. "Linanuka nini?"

Joab alilileta puani, akavuta pumzi yote, akafumba macho. Sisi wengine tuliacha kunywa.

"Moshi wa leo," alisema. "Wa leo tu."

Bi Swabaha akalipokea.